Kutoka Majengo hadi Kasarani: Safari ya Kumbi za Eastlands

Jamaa wa Pwani wanapoitaja Nairobi, mara nyingi huwa wanaitaja Eastlands bila kujua. Shangazi akaaye Majengo, mjomba aliyestaafu kazi ya reli akabaki Makongeni, binamu aliyepanga chumba Umoja: wote hao ni wakazi wa mashariki mwa jiji, ile mitaa iliyojipanga kandokando ya barabara ya Jogoo na kupanda hadi Kariobangi na Dandora. Ni nadra kufika huko kwa matembezi. Twaenda kwa harusi, kwa matanga, kwa kumpokea mgonjwa, kisha twarudi na treni ya usiku.

Safari hii tulikwenda kwa jambo jingine. Kina mama kadhaa tulifuatana na mabinti zetu wakati wa likizo ya shule, tukiwa na swali lililotusumbua muda mrefu. Mabinti hao wanataka kujifunza judo na taekwondo. Baba zao wamegawanyika, na sisi wenyewe hatukuwa na kauli moja. Tukaona bora twende kwenye mitaa iliyolea michezo ya ulingoni na ukumbini kwa vizazi, tukaone kwa macho yetu.

Tulianzia Pumwani, na hapo mtu wa Pwani hajioni mgeni. Mtaa huu ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakati serikali ya kikoloni ilipowakusanya Waafrika wa mjini mahali pamoja. Sehemu yake kongwe ndiyo Majengo. Waislamu walikuwamo tangu siku za mwanzo, Kiswahili kikawa lugha ya uani na ya sokoni, na hadi leo Msikiti wa Riyadha ndio nguzo ya mtaa. Jambo ambalo mabinti zetu hawakulijua ni kwamba wengi katika waliozijenga na kuzimiliki nyumba za mwanzo za Majengo walikuwa wanawake. Walikuja mjini peke yao, wakasilimu, wakaandikisha nyumba kwa majina yao, wakapangisha vyumba na kuwaachia wengine urithi. Maisha yao hayakuwa mepesi, wala hayakukosa masengenyo. Lakini mtaa ulisimama juu ya mabega yao.

Majina ya Eastlands yenyewe ni darasa la historia. Kariokor ni Kiswahili cha jina la kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, na wengi wao hawakurudi makwao. Kaloleni ni jina ambalo sisi twalijua kutoka kwetu. Mtaa wa Mbotela unamkumbuka Tom Mbotela, diwani aliyeuawa Nairobi mwaka 1952, ambaye asili yake ni Freretown, Mombasa. Baba yake, James Mbotela, ndiye mwandishi wa kitabu cha Uhuru wa Watumwa. Kwa hiyo atembeaye Eastlands huwa anatembea pia katika kurasa za Pwani.

Waliopanga mitaa hii waliweka jambo moja ambalo mitaa mipya ya leo imelisahau: ukumbi wa jamii. Pumwani wana wao, Kaloleni wana wao, na vivyo hivyo mitaa mingine kadhaa. Ukumbi wa Kaloleni ulijengwa pamoja na mtaa wake katika miaka ya 1940, na ukawa mahali pa mikutano ya siasa, dansi, harusi na mahubiri. Jioni, viti vikiondolewa, vijana waliingia na glavu zilizochakaa na mfuko wa kupigia ngumi. Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja, na barabara ilikuwa na hatari zake. Ukumbi ndio uliokuwa sebule ya mtoto wa Eastlands. Hapo ndipo ndondi zilipomea. Jina la kilabu cha Dallas cha Muthurwa hadi leo lajulikana na kila apendaye mchezo huo.

Mwaka 1987 bara zima lilikuja kushuhudia. Kuanzia tarehe 1 hadi 12 Agosti, Nairobi iliyapokea Michezo ya nne ya Afrika, baada ya Brazzaville 1965, Lagos 1973 na Algiers 1978. Uwanja wa Kasarani, uliojengwa kwa msaada wa China kando ya barabara ya Thika, ulikuwa mpya kabisa: uwanja mkuu wa watu wapatao 60,000, na karibu yake ukumbi wa michezo ya ndani wa watu wapatao 5,000. Pamoja na riadha na kandanda kulikuwa na ndondi, judo, taekwondo, mpira wa meza na mpira wa wavu. Bara la Asia limeitengea michezo ya ukumbini na ya kujihami mashindano yake yenyewe, yaliyounganishwa kwa mara ya kwanza Incheon mwaka 2013, kisha yakafanyika Ashgabat mwaka 2017. Sisi Waafrika bado twaichezea chini ya paa moja na michezo mingine, kama ilivyokuwa Accra mwaka 2024.

Kandanda ya 1987 iliwaumiza wenyeji, kwani Misri iliifunga Kenya bao 1 kwa 0 katika fainali. Mabondia ndio waliowafuta Wakenya machozi. Mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya Seoul, Robert Wangila, mzaliwa wa Nairobi, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili na kutwaa dhahabu. Chris Sande akaongeza shaba.

Hata hivyo, mama hatakiwi kuisikia sehemu tamu ya hadithi peke yake. Wangila huyohuyo alifariki Las Vegas mwezi wa Julai 1994, kwa majeraha aliyoyapata ulingoni, akiwa na umri wa miaka 26. Wanavyuoni wengi huuchukia mchezo ambao lengo lake ni kupiga uso, na mtu akikumbuka kifo hicho hawezi kuwaambia kwamba wanatia chumvi. Ndiyo sababu tuliwaambia mabinti zetu wazi kwamba kujihami ni jambo moja, na ngumi za kulipwa ni jambo jingine. Judo haina ngumi. Taekwondo ya watoto huchezwa kwa kofia na kinga ya kifua. Mzazi ana haki ya kuchagua.

Kasarani nayo ina kumbukumbu mbili. Mwezi wa Aprili 2014, katika msako wa usalama, maelfu ya watu walikamatwa Nairobi, hasa mtaa wa Eastleigh, wengi wao wakiwa Wasomali. Uwanja uliojengwa kuikaribisha Afrika ukafanywa mahali pa kuwazuilia na kuwakagua, na familia zikasimama nje zikisubiri habari za watu wao. Tulipita kando ya uwanja huo tukiwa na buibui zetu, na hatukuweza kuukumbuka mwaka 1987 bila ya kuukumbuka 2014. Watoto wakauliza, tukawajibu. Uwanja ni jengo tu. Binadamu ndio wanaoamua uwe wa nini.

Kituo chetu cha mwisho kilikuwa Kariobangi. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wasichana wa mitaa hii walianza kufundishwa ndondi kupitia Boxgirls Kenya, kwanza kabisa wapate kujilinda na kujiamini. Kutoka Kariobangi alitokea Christine Ongare, aliyepata shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Gold Coast mwaka 2018 na kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata medali ya ndondi katika michezo hiyo. Medali ni ya mmoja, lakini walioweza kurudi nyumbani jioni wakitembea wima ni wengi.

Je, stara? Hapa mambo yamebadilika kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 2012, Wojdan Shaherkani wa Saudia alicheza judo London kwa kofia maalumu baada ya mabishano marefu. Pambano lake halikutimiza dakika mbili, lakini mlango ulifunguka. Shirikisho la mpira wa kikapu liliruhusu hijabu mwaka 2017, na lile la ndondi mwaka 2019. Kwa hiyo binti akiambiwa leo kwamba hawezi kushindana akiwa amejifunika, na aulize ni kanuni gani hiyo.

Tulimtafakari pia Ramla Ali, Msomali ambaye familia yake ilikimbia vita vya Mogadishu, ikapitia Kenya na kuishia London. Alianza ndondi kwa siri, nyumbani wasijue, kwa miaka mingi. Baadaye akawa bondia wa kwanza kuiwakilisha Somalia katika Olimpiki, na mwaka 2022 alipigana Jeddah. Tukajiuliza: mama yupi kati yetu angependa kuyajua hayo ya bintiye kwa kuhadithiwa na watu? Mlango ukifungwa, mtoto hutafuta dirisha. Ukifunguliwa kwa masharti, mama naye huingia, akakaa benchini, akamjua mwalimu.

Masharti yetu tuliyapatana katika kumbi hizo, na twayaweka hapa kwa faida ya wasomaji. Mwalimu wa wasichana awe mwanamke, au wawepo wazazi muda wote. Saa za wasichana ziwe zao peke yao, na zisigongane na Magharibi. Mavazi yawe mapana. Kichwa kikipata kishindo, mazoezi yasimame na daktari aonwe. Na masomo yatangulie.

Lililobaki ni ukumbi. Pwani tuna majumba ya mikutano yaliyofungwa kwa kufuli, na mengine yamekodishwa kwa harusi peke yake. Eastlands nako kumbi za zamani zinavuja, rangi imebanduka, na ardhi zilipojengwa inatamaniwa na wengi. Penye ukumbi ulio wazi na mtu mzima mwenye ufunguo, watoto huja wenyewe. Tuliporejea Mombasa tulimwandikia mzee anayesimamia ukumbi wa mtaa wetu, kwa heshima na adabu zote, tukaomba saa mbili za alasiri ya Jumamosi kwa ajili ya mabinti. Twangoja jawabu lake, na wasichana kumi na mmoja wamekwisha kuandikisha majina.