Unyenyekevu wa Kushikwa Mkono

 

Neno letu leo ni Yohana 13:1-9 na 2 Wafalme 5:1-14. Fungua Biblia yako usome kwanza, kisha urudi hapa.

Tukitaja unyenyekevu kanisani, wengi wetu tunawaza kutumika: kufagia, kupanga viti, kuosha sufuria baada ya matanga. Ni kweli, na Bwana awabariki wanaofanya hivyo. Lakini kuna upande wa pili ulio mgumu zaidi, nao ni kukubali kutumikiwa. Kuosha mguu wa mwenzako unaweza. Kutoa mguu wako mwenyewe, wenye vumbi na nyufa, uoshwe mbele za watu, hapo ndipo penye vita.

Petro alikwama hapo. Alikataa katakata Bwana asimwoshe miguu. Ukimtazama kwa nje utasema ni heshima. Lakini Yesu alimweleza wazi kwamba asipokubali kuoshwa, ushirika wao umeishia hapo.

Kuna ndugu mmoja kanisani kwetu ambaye ameniruhusu nieleze habari yake bila kumtaja jina. Alikuwa karani kwenye yadi ya makontena, Changamwe. Mnakumbuka mwaka 2018, makontena yalipoanza kupakiwa treni ya SGR bandarini na kupelekwa moja kwa moja hadi Nairobi. Kazi ikapungua kwenye yadi, malori yakaegeshwa, watu wakarudishwa nyumbani. Naye akawa mmoja wao.

Huyu alikuwa mtu wa kwanza kuinua mkono kila tulipofanya harambee. Kazi ilipoisha, akaacha kuja ibada. Nikimpigia simu, ananiambia yuko safarini. Akina mama wa ushirika wakampelekea unga na mafuta ya kupikia. Akawapokea mlangoni, akawaambia, "Sisi Mungu ametujalia, wapelekeeni wenye shida." Usiku ule watoto wake walikunywa chai ya rangi wakalala.

Mpendwa, tumezoea kuita jambo hili heshima ya mwanamume. Mimi naliita kiburi. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai. Ukificha shida yako, hata aliyetumwa na Mungu kukusaidia atagonga mlango na kurudi.

Mtazame Naamani. Jemadari mkubwa wa Shamu, lakini ana ukoma. Habari ya nabii ameletewa na msichana mateka, mtumishi wa mkewe. Alipoambiwa akajichovye mara saba Yordani alikasirika, maana kwao Dameski kuna mito aliyoiona bora. Waliomtuliza ni watumishi wake. Uponyaji wake wote ulipitia kwa watu wa chini yake. Angewadharau, angerudi kwao na ukoma wake.

Na tusiende mbali. Ukipita Kengeleni, Kisauni, unaikumbuka Frere Town, kituo cha misheni cha watumwa waliokombolewa. Kabla ya kituo hicho, alikuwako Rabai mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliyefika Mombasa mwaka 1846. Mwaka 1848 aliona theluji ya Kilimanjaro akaandika habari zake, na wasomi wa Uingereza wakambishia. Alikaa huku miaka 29 bila kurudi kwao. Mwishowe macho yakapofuka. Mwaka 1875 alipoondoka, alisafiri naye Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, hadi Ulaya. Hebu fikiria. Mtu aliyekuja kuwaongoza watu wetu, sasa anaongozwa na mmoja wao. Je, utumishi wake ulipungua kwa hilo? Mimi naona hapo ndipo Injili aliyohubiri ilipoonekana.

Yule ndugu yetu aliponywa na swali la mkewe. Alimwambia, "Baba watoto, wewe ulipokuwa ukitoa, waliopokea ulikuwa unawadharau?" Alinyamaza. Kesho yake alimwendea kijana wa miaka 22 aliyemfundisha Sunday school zamani, akamwomba amfundishe kuendesha bodaboda. Kijana akamjibu, "Mwalimu, panda." Leo yuko stegi. Hapati alichokuwa akipata yadini, lakini watoto wanakula, na Jumapili yuko ibadani.

Sasa nisieleweke vibaya. Unyenyekevu si kukubali kudhulumiwa. Mwajiri akikunyima mshahara wako, dai haki yako kwa adabu, na sisi tutasimama nawe. Wala unyenyekevu si uvivu wa kungoja kuletewa. Ninasema na wewe unayeumia kimya kimya kwa sababu unaogopa watu watakuonaje.

Na wewe unayetoa, nakusihi: usimpige picha mwenzako na ule unga ukaiweka WhatsApp. Sadaka ya namna hiyo ndiyo inayofanya watu wafunge milango. Toa, funga mdomo, nenda nyumbani.

Wiki hii fanya jambo moja. Mtafute mtu mmoja unayemwamini, umwambie shida yako ilivyo, bila kuipaka rangi. Au mwombe aliye mdogo kwako akufundishe usilolijua. Mwenzako akikuletea kitu, sema asante, basi. Usijitetee.

Tuombe: Bwana Yesu, wewe uliyemwomba maji mwanamke Msamaria, ukazikwa katika kaburi la kuazimwa, tuondolee aibu ya kupokea. Mkumbuke baba anayekaa gizani kwa sababu ya deni la nyumba, na mama anayechemsha maji ili watoto wadhani kuna chakula. Wape ujasiri wa kufungua mlango. Nasi tupe mikono isiyodharau. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama neno hili ni lako, huna haja ya kuandika chochote hapa. Nitumie ujumbe kando. Simu yangu iko wazi.

Mchungaji wako.