Ukili wa Mwanangu

Nataka kuwaeleza kosa langu, huenda likamfaa mama mwingine.

Mimi ni mwalimu, na jioni husuka mikeka. Mwanangu wa pili alikuwa akikaa karibu nami, akichana ukindu na kuutia rangi. Hata siku moja akasuka ukili wake mwenyewe, wenye nakshi ambayo sikumfundisha, wala mama yangu hakunifundisha mimi. Nikafurahi moyoni. Mara majirani wakapita, wakacheka: "Mwalimu, kumbe huyu ni binti?" Nami kwa haya nikamnyang'anya ule ukili, nikautupa motoni mbele yao. Mtoto hakulia. Aliinuka, akaenda kuwatazama mbuzi.

Usiku sikupata usingizi. Nikawaza: nguo zetu sokoni hushonwa na nani? Fundi wa cherehani ni mwanamume, wala hachekwi, kwa kuwa hulipwa fedha. Basi kazi yenyewe haina aibu. Aibu tumeitia sisi. Nami naliogopa kicheko cha jirani kuliko huzuni ya mwanangu.

Asubuhi nalimwomba radhi, jambo tusilolizoea sisi wazazi. Hakunijibu neno. Lakini baada ya mwezi naliona ukindu wangu umepungua, na chini ya kitanda chake pana ukili mrefu uliokunjwa vizuri. Sijamwambia kitu. Nangoja aulete mwenyewe, tuushone pamoja uwe mkeka wake wa kulalia.