Mlinzi wa Betri Nyumbani

Hapa Busia, kama kwa jirani zetu wa Tororo, jua hutuangazia kwa ukarimu karibu mwaka mzima. Lakini ukarimu usio kipimo huua betri. Ndiyo maana mimi hukithamini kidhibiti cha chaji kuliko taa zenyewe. Kijisanduku hiki hukaa kati ya paneli na betri. Betri ya asidi ya volti 12 inapochajiwa hadi kufikia takriban volti 14.4, kidhibiti hupunguza umeme usije ukayakausha maji yake. Usiku huzuia umeme usirudi kwenye paneli. Na betri ikishuka karibu na volti 11.5, hukata taa. Watoto wakinung'unika gizani, mama mwenzangu, usiziunganishe taa moja kwa moja na betri. Giza la usiku mmoja ni nafuu kuliko betri mpya.