Taratibu na zile siku kumi

Najua nimewatupa, ila likizo nayo ina kazi zake. Nimerudi hapa Mazimbu tangu Jumapili, chumba bado kina vumbi, bumu halijaingia, na mwenzangu wa chumba hajafika. Kwa hiyo leo nina nafasi. Wengi mlinitafuta kwenye simu mwezi wa tisa mkadhani naumwa malaria. Sikuwa naumwa, jamani. Nilikuwa nahesabu siku.

Tuanze mwanzo. Si mnajua kwetu ni Mpanda. Mjomba wangu ananunua mbuzi na ng'ombe minadani. Siku moja mwezi wa nane akarudi kutoka upande wa Sitalike na boksi la sabuni limefungwa nyuma ya pikipiki. Nikadhani ni kuku. Kufungua, macho mawili tu yananiangalia kutoka kwenye kona. Mtoto wa mbwa, wa miezi kama mitatu, rangi ya udongo, kifua cheupe.

Mjomba akasimulia. Kuna familia ya Wasukuma ilihama na ng'ombe wake kutafuta malisho. Mbwa mama alikuwa ameshauawa na fisi. Watoto wakabaki chini ya ghala la mahindi. Wengine walichukuliwa na majirani, huyu mmoja kila akifuatwa anazidi kujificha. Mjomba alilala kifudifudi nusu saa na kipande cha dagaa mkononi mpaka akamdaka.

Kule Usa River, Arusha, kuna kituo kinaitwa Mbwa wa Africa, wanachukua mbwa walioachwa, wanawatibu na kuwatafutia watu wa kuishi nao. Huyu wetu aliokolewa na mjomba na dagaa.

Mama akasema hataki mbwa. Nikasema nitamwangalia mimi. Akasema, "Na chuo ukirudi?" Nikajifanya sijasikia.

Basi bwana, wiki ya kwanza nilikosea kila kitu. Alijificha nyuma ya pipa la maji jikoni, mimi namvuta. Namkumbatia kwa nguvu ili eti anizoee. Alikuwa anatetemeka mpaka ananikojolea. Chakula hali mpaka watu wote watoke. Nikampigia rafiki yangu anayesoma udaktari wa mifugo kule kampasi kuu. Akacheka sana, kisha akanifundisha kitu. Mtoto wa mbwa ana kipindi chake cha kuizoea dunia, kuanzia kama wiki ya 3 hadi ya 14 hivi. Asipoona watu wengi, sauti na vyombo vya moto kipindi hicho, baadaye atajifunza, lakini polepole sana. "Usimwangalie machoni," akasema. "Usimfuate. Kaa ubavu, dondosha chakula, soma kitabu chako."

Nikafanya hivyo. Nikawa nasomea jikoni, notisi za kemia mapajani, ugali na dagaa kando ya mguu. Siku ya tano akaninusa kisigino. Siku ya tisa nikaamka kwenye mkeka nikamkuta amelala juu ya kanga yangu. Sikusogea mpaka mguu ukafa ganzi. Nikampa jina Taratibu.

Jina likawa kichekesho, maana alipopata ujasiri kidogo, kumbe ndani mlikuwa na injini! Saa kumi na moja alfajiri anazunguka nyumba mbio, mara ishirini, thelathini. Siku moja tukamkuta amekusanya kuku wote wa mama kwenye kona karibu na choo, amesimama mbele yao kaupinda mgongo, kuku hata mmoja hatoki. Hakuna aliyemfundisha.

Wasukuma walianza kuja kwetu kwa wingi na ng'ombe wao miaka ya 1970, kutoka Shinyanga na Mwanza. Mbwa wao hawana karatasi ya ukoo kama border collie wa Uingereza, lakini wanazaliwa katikati ya mifugo, kutwa wanatembea nayo, usiku wanamkabili fisi. Mbwa wa namna hiyo hukai naye jikoni ukategemea atulie kama paka. Watoto wa uani wakikimbia, Taratibu anawazunguka na kuwagusa visigino kwa meno, vile mbwa wa ng'ombe wafanyavyo kumsukuma ng'ombe anayebaki nyuma. Tulikuwa tunacheka. Hapo nilikosea kosa la kwanza.

La pili ni kubwa zaidi. Rafiki yangu aliniambia akifika miezi mitatu apelekwe kwa bwana mifugo, achomwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Nikasema Jumatatu. Jumatatu ikifika nikimfikiria barabarani, bodaboda zinapiga honi, watu wamejaa, namwonea huruma. Nasema Jumatatu ijayo. Hela ilikuwepo. Nilikuwa nauhurumia woga wake, na huruma yangu ndiyo iliyotaka kumuua.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa, mtoto wa jirani, wa miaka sita, alipita mbele ya kwetu anaviringisha tairi. Taratibu akapenya kwenye uzio wa mabanzi. Sekunde tatu tu. Nikasikia kilio. Nilipofika, kifundo cha mguu kina alama mbili na damu kidogo.

Hapo sikucheka tena. Nilikumbuka jambo moja tu kati ya yote niliyoambiwa: maji na sabuni, dakika 15, bila kupunguza. Mama akashika jagi, mimi naosha, mtoto analia, mama yake amesimama juu yangu hasemi neno. Kisha hospitali. Akachomwa sindano siku ile ile, akaambiwa arudi siku ya tatu na ya saba. Nauli yangu ya kurudia chuo ikaishia hapo, na nyingine nikakopa kwa mama.

Tuliporudi tukakuta watu uwanjani na marungu. "Mbwa wa porini huyo, ana kichaa, auawe." Siwalaumu. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na kati ya watu 100 wanaokipata, hadi 99 wamekitoa kwa mbwa. Lakini daktari alikuwa ameniambia: msimuue. Afungwe, apewe chakula na maji, aangaliwe siku 10. Kama wakati anang'ata alikuwa na ugonjwa wa kuambukiza mateni, ndani ya siku hizo ataugua au atakufa. Akifika ya 10 mzima, hakumwambukiza mtoto.

Mjumbe akaitwa. Mzee mtaratibu, kofia ya ukindu, makatambuga. Nikamwamkia, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, afungwe. Mimi nitakuja kila jioni kumwona. Ila binti, akibadilika hata kidogo, unaniita, hata usiku wa manane."

Sasa wadau, nisikilizeni hapa. Dalili za ugonjwa ule ni zipi? Mbwa anabadilika tabia. Anajificha gizani. Hali. Anashtuka kwa sauti ndogo. Na Taratibu wangu tangu aje ndivyo alivyo! Siku ya pili, amefungwa kamba, alirudi nyuma ya pipa, chakula hagusi, nikimsogelea anatetemeka. Ni woga au ni kichaa? Usiku nilikaa na tochi mlangoni. Nikampigia rafiki yangu, nikamwambia maji hajanywa, nikajua ndiyo hivyo. Akanituliza kwamba kuogopa maji ni dalili ya binadamu, mbwa yeye huweza kushindwa kumeza tu, taya likalegea, mate yakatiririka. "Mwangalie anavyomeza," akasema. Alfajiri ya siku ya tatu Taratibu akanywa. Glu, glu, glu. Nililia jikoni peke yangu kwa sababu ya mbwa kunywa maji.

Kwa jirani nilikwenda kila siku. Salamu zangu mama yule hakuzijibu, na alikuwa na haki. Siku ya sindano ya pili nikambeba mtoto mgongoni hadi kituo cha bodaboda, tukaenda wote watatu tukiwa kimya. Siku ya saba, tukirudi, akaniambia, "Karibu uji." Nikanywa uji. Mtoto akaniuliza, "Dada, mbwa wako hajafa?"

"Hajafa."

"Basi na mimi sifi."

Mama yake akageukia ukutani. Mimi nikaangalia ndani ya kikombe.

Mjumbe alitimiza ahadi. Kila jioni anakuja, anaomba kigoda, anakaa mbali kidogo, ubavu, anavuta stori na mama za mvua na bei ya mahindi. Hamwangalii mbwa kabisa. Hakuna aliyemfundisha mzee yule, lakini alikuwa anafanya kile kile nilichofundishwa kwa simu. Jioni ya siku ya 10 Taratibu akatoka nyuma ya pipa, akaenda hadi mwisho wa kamba, akanusa makatambuga ya mzee. Mkia ukatikisika, mara moja, kama amejisahau. Mtu wa kwanza nje ya nyumba yetu kumsogelea kwa hiari yake.

Mzee akasema, "Mbwa wako hana kichaa, binti. Ana haya."

Kesho yake asubuhi tu, boksi la sabuni, bodaboda, kwa bwana mifugo. Alitetemeka njia nzima na honi zilimtesa. Sindano yenyewe haikufika dakika moja, nikapewa kadi. Jioni alikuwa anazunguka nyumba kama kawaida. Hofu niliyoikwepa mwezi mzima ilidumu nusu siku.

Siku ya kupanda treni ya kwenda Tabora nilimwacha amelala juu ya kanga yangu. Sikumuaga, ningelia. Sasa hivi asubuhi anatoka na mbuzi wa mjomba, jioni anarudi amechoka, visigino vya watoto salama. Mama, yule asiyetaka mbwa, jana kanipigia simu. Kazungumza dakika nne, tatu za Taratibu. Mtoto wa jirani anamtupia dagaa, kutoka mbali, ubavu. Mjumbe ndiye kamfundisha.

Mwenye mbwa humu, kachanje leo, na kila mwaka urudie. Usiseme Jumatatu.

Mimi bumu likiingia nalipa deni la mama kwanza. Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.