Sabufa mpya ya kaka

Nimekuwa kimya wiki tatu, mtanisamehe. Nilikuwa nyumbani Katoro, Geita. Sasa nimerudi chuo, maji hosteli hayatoki kama kawaida yake, nikaona badala ya kununa niandike hili kabla halijanitoka kichwani.

Basi bwana, nafika nyumbani nakuta sebuleni kuna sabufa mpya, boksi moja kubwa na spika mbili ndogo. Kaka alikuwa amepata hela kidogo, akaona na yeye astarehe. Kaka anafanya kazi kwenye karasha. Kwa msioijua, karasha ni mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu: pipa la chuma linazunguka na tufe za chuma ndani, zinagonga mawe mpaka yawe unga, halafu unga unaenda kuoshwa. Ukisimama pale karibu mnaongea kwa mikono. Kaka ana miaka saba pale.

"Mdogo wangu, nimepigwa," akaniambia. "Besi ipo, ila twita zimekufa. Manyanga siyasikii kabisa."

Alisharudi dukani. Fundi akamwambia spika mpya ni kama kiatu kipya, lazima ilainike kwanza, aiache ipige masaa mia. Basi ikawa inapiga asubuhi mpaka usiku, sauti mwisho. Majirani wanatuangalia tu.

Mimi nasoma Ualimu, Fizikia na Hisabati, nikaona hapa ndipo pa kujidai. Nikamwambia fundi ana ukweli kidogo. Koni ya spika ya besi inashikiliwa na ukingo wa mpira pamoja na kitambaa cha mikunjo kwa nyuma. Vikiwa vipya vinakuwa vigumu, vikichezacheza vinalegea na besi inashuka chini kidogo. Ila hilo linafanyika mapema, sehemu kubwa ndani ya dakika za mwanzo tu, halihitaji masaa mia wala sauti mwisho. Na twita hata haichezi sana, ina nini cha kulainika? Mara nyingi anayezoea ni msikilizaji, siyo spika iliyobadilika.

Nikachomeka flashi, nikaweka bugobogobo. Jamani, manyanga nayasikia safi kabisa! Nikajua kaka ananitania. Mtoto wake wa miaka sita akachukua kopo lenye punje za mahindi, manyanga yakianza anatikisa, yakinyamaza ananyamaza. Kaka akawa anamwangalia.

"Huyu anafuata nini?"

Sikumjibu. Nikapakua kwenye simu programu ya kutoa milio. Mlio wa hezi 1000, kaka akanyoosha mkono. Nikapandisha hadi 4000, sauti ileile. Kaka kafumba macho, anasubiri. Mtoto kaziba masikio kwa kelele. Kaka bado anasubiri...

Najua simu siyo kipimo cha hospitali. Ila darasani tulisoma kwamba kelele za muda mrefu huanza kuharibu hapohapo, kati ya hezi 3000 na 6000. Ndani ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo vinavyopokea sauti, zikishakufa hazioti tena. Kelele ya desibeli 85, mwisho wake kwa siku ni masaa 8. Ikiongezeka 3 tu, yanabaki 4. Nikakumbuka siku hizi ukimwambia "saa sita" anauliza mara mbili, na mimi nilikuwa nadhani ni dharau. Kumbe herufi kama s na f ziko juu kulekule.

Spika inalainika wadau. Sikio linavunjika tu.

Nilimwomba aende hospitali apimwe, akasema ataenda mwezi ukiisha. Nikaenda Geita mjini nikamnunulia vizibo vya masikio. Akavishika, akaviangalia, akaniuliza: "Mwalimu, mimi najua mawe yameiva kwa mlio wa mtambo. Nikiziba nitajuaje?"

Nilikosa jibu. Mwanafunzi wangu wa kwanza, swali la kwanza, kanishinda. Baadaye usiku ndiyo nikafikiria kwamba vizibo vinapunguza tu sauti, havifuti mlio wote, na kwamba mlio huo anaoutegemea ndio unaomnyang'anya sikio la kuusikilizia. Asubuhi nikamwambia hivyohivyo. Akavitia mfukoni. Na sabufa akapunguza, hilo namshukuru.

Jana nimempigia. Karasha inanguruma nyuma yake.

"Kaka, umevaa?"

"Eeh, tuko wazima wote!"

Wadau, wenye ndugu kwenye makarasha na mashine za kusaga, wapelekeni wakapimwe mapema. Mimi likizo ijayo namsindikiza mwenyewe, apende asipende. Ngoja nikapange foleni ya maji.