Tolpuddle na Swali la Mwanafunzi Wangu

Wengi wetu tukifika Uingereza hutamani kuona kasri za wafalme. Mimi, nilipokuwa masomoni huko nikiandika tasnifu ya uzamivu, niliitumia siku moja ya mapumziko kwenda Tolpuddle, kijiji kidogo cha wakulima katika jimbo la Dorset. Nilikuta barabara moja kuu, kanisa la mawe la Mtakatifu Yohana, nyumba kadhaa za kuezekwa kwa nyasi, mto mwembamba uitwao Piddle, na mti mkongwe katika uwanja wa kijiji. Mti huo umekuwapo tangu karne ya 17. Inaaminika kwamba chini yake ndipo vibarua wa mashamba walipokuwa wakikutana kuzungumzia ujira wao.

Walikuwa na la kuzungumza. Ujira wao ulikuwa umeshushwa hadi shilingi 9 kwa wiki, kisha 8, kisha 7, na wakatishiwa kulipwa 6. Mwaka 1833 wakaunda chama. Kiongozi wao, George Loveless, alikuwa kibarua na mhubiri wa Kimethodisti. Mikutano ilifanyika katika chumba cha juu nyumbani kwa shemeji yake, Thomas Standfield. Mwanachama mpya alifungwa macho, akala kiapo cha siri, kisha akafunguliwa na kuonyeshwa picha ya kiunzi cha mifupa ya binadamu, akumbuke kuwa mauti yapo.

Hapa ndipo wasomaji wangu mlio watumishi wa umma mnapaswa kusoma kwa makini. Kuunda chama cha wafanyakazi hakukuwa kosa. Sheria zilizokataza zilikuwa zimefutwa mwaka 1824. Lakini James Frampton, hakimu na mwenye ardhi, aliwasiliana na Lord Melbourne, waziri wa mambo ya ndani, na sheria nyingine ikapatikana: ile ya mwaka 1797 kuhusu viapo haramu, iliyotungwa baada ya maasi ya mabaharia wa jeshi. Kwanza alipatikana mtu wa kuadhibiwa. Kisha ikatafutwa sheria ya kumwadhibu. Barua ziliandikwa, tangazo likabandikwa, na kila karatasi ikawa mahali pake.

Februari 1834 wanaume sita walikamatwa: George Loveless na mdogo wake James, Thomas Standfield na mwanawe John, James Brine, na James Hammett. Mmoja wa wale waliokula kiapo alitoa ushahidi dhidi yao. Mwezi Machi, mahakama ya Dorchester iliwahukumu miaka 7 ya uhamisho katika makoloni ya adhabu huko Australia. Mwezi uliofuata maelfu ya watu waliandamana jijini London wakiwa na ombi lenye saini zaidi ya 200,000. Serikali ilikataa kulipokea siku ile, lakini shinikizo halikukoma, na mwaka 1836 ikawasamehe.

Waliporejea, watano kati yao hatimaye walihamia Kanada. Hammett peke yake ndiye aliyebaki Tolpuddle. Uzeeni, macho yakififia, aliingia katika nyumba ya mafukara asiwe mzigo kwa jamaa zake, akafia humo mwaka 1891. Jiwe la kaburi lake, lililochongwa na Eric Gill, liliwekwa mwaka 1934, miaka 43 baada ya kifo chake. Mwaka huohuo shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilijenga pale nyumba sita za vibarua wastaafu, na kila mwezi Julai maelfu hufika kijijini kuwaenzi.

Nilisimama mbele ya jiwe lile kwa muda mrefu. Inasimuliwa kwamba Hammett hakuwapo kabisa usiku wa kiapo. Aliyekuwapo ni ndugu yake, na yeye akaibeba adhabu bila kumtaja.

Tangu nirejee nyumbani, kila mwaka nimekuwa nikifundisha kisa hiki. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, wewe ungekuwa nani kati yao?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka.

Miaka kadhaa iliyopita, mahali nilipokuwa nikifanya kazi, walimu tulikutana kujadili malimbikizo ya stahili zetu. Kijana mmoja, mwajiriwa wa mkataba, aliandika muhtasari wa kikao. Sentensi kali kuliko zote katika barua yetu niliitunga mimi. Wakubwa walipouliza ni nani aliyeichochea, nilijibu kwamba sikumbuki. Hakuna aliyemfukuza yule kijana. Mkataba wake haukuongezwa tu, kwa kufuata taratibu zote.

Hammett alikaa mahali pa mwenzake. Mimi sikukaa hata mahali pangu.

Wiki iliyopita nilimtafuta yule kijana, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye shughuli zake, nikamwambia ukweli huo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilijua, kaka. Nilikuwa nikisubiri tu useme." Muhula ujao nitakapofika kwenye somo la Tolpuddle, nitaanza kwa kumjibu mwanafunzi wangu.