Sindano Ifunguliwe Nikiona

Mimi ni mkulima wa viazi wilayani Rungwe, mkoani Mbeya. Miaka ya 1970 sindano zilikuwa za kioo. Mganga alizichemsha katika sufuria, kisha akazitumia tena. Zisipochemka vizuri, ugonjwa kama homa ya ini uliweza kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Siku hizi sindano hutumika mara moja tu. Zikishatumika hutiwa katika boksi gumu, zisimchome mtu.

Mwaka 2015 Serikali ilianza kupima zahanati, vituo vya afya na hospitali, na kuvipa nyota, toka sifuri hadi tano. Ni jambo jema. Lakini mpimaji huja mara chache. Sisi tupo kila siku.

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu kuchomwa sindano. Nikamwambia muuguzi, "Mwanangu, naomba uifungue nikiona." Watu kwenye foleni waliguna. Walidhani namtukana. Yeye hakukasirika. Alinawa mikono, akanionyesha tarehe ya mwisho ya dawa, akaichana pakiti mbele yangu. Mama mmoja aliyeguna sana, zamu yake ilipofika, naye aliomba kuonyeshwa.